Fisi Aliyekwenda Kuwachunguza Mbwa Mwitu

Aliyemletea Tindi habari hii kwanza ni Kwale, ndege ambaye tangu atoke kwenye yai hajawahi kufunga mdomo.

"Mama Kijiti," alisema, akitua juu ya kichuguu, "mna mgeni. Anakuja kukaa kwenu."

"Mgeni gani, na njaa hii?" aliuliza Tindi. Alikuwa mbwa mwitu mwenye haya, na uzazi wenyewe ulikuwa wa kwanza. Alisema kwa sauti ndogo, hata Kwale alilazimika kuinamisha kichwa ili amsikie.

"Fisi. Anasema anafanya utafiti."

"Utafiti ndiyo nini?"

"Sijui. Ila amekuja bila chakula."

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mto ulikuwa umebaki mchanga mtupu, swala walikuwa wamehamia mbali, na wanyama wengi walilala mapema ili wasahau kula. Mbwa mwitu peke yao ndio waliokuwa bado wanapata kitu, na kila mnyama alitaka kujua wanafanyaje. Simba naye alitaka kujua, lakini kuuliza aliona ni kujishusha.

Fisi alifika jua likiwa la utosi. Akainama mbele ya Bi Kagunga, jike aliyeongoza kundi.

"Bi Mkubwa, nimekuja kujifunza tabia zenu. Nitakaa, nitatazama, sitagusa kitu."

"Unataka kujua nini?"

"Mambo mengi. Kwanza, nyama mnaiweka wapi?"

"Tumboni."

"Yote?"

"Yote."

Fisi alitikisa kichwa polepole, kama aliyepewa jibu zito. Akaonyeshwa pa kulala, karibu na mlango wa shimo ambalo mhanga alilichimba zamani, na ambamo sasa Tindi alikuwa akilea watoto.

Mwanzoni alitazama kweli. Aliona kwamba asubuhi, kabla ya kwenda kuwinda, mbwa mwitu hukusanyika na kusalimiana, na hakuna anayetoa amri. Anayetaka safari hupiga chafya. Chafya zikiwa nyingi, kundi huondoka. Zikiwa chache, kila mtu hurudi kulala. Na aliyepiga chafya habaki nyumbani, maana ameshasema. Fisi aliona jambo hili halina nyama ndani yake, akaliacha.

Jambo la pili alilichunguza kwa makini zaidi. Wawindaji waliporudi, watoto, wagonjwa na yule aliyebaki kulinda waliwalamba midomo na kulialia, nao wakawatapikia nyama. Hakuna aliyepima kama mgonjwa anaumwa kweli.

Kesho yake Fisi aliamka mgonjwa.

"Unaumwa wapi, shemeji?" aliuliza Shangazi Lembu, dada yake Bi Kagunga.

"Kila mahali. Miguuni zaidi."

Tangu siku hiyo alilala katikati ya watoto. Wawindaji walipotokea, yeye ndiye aliyewahi mbele, akilialia kwa sauti nyembamba isiyolingana na shingo yake. Watoto walipofika, ardhi ilikuwa imeshalambwa.

"Siwezi kuujua utoto wa mbwa mwitu bila kuuishi," alimweleza Tindi, akijipangusa mdomo.

Watoto walianza kukonda. Tindi naye alikuwa akipata mabaki ya mabaki, na maziwa yake yakapungua. Kijiti, mdogo kuliko wenzake, aliacha kucheza. Akawa analala mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka, na mama yake akawa anazitazama ili ahakikishe bado zinapanda.

Siku moja alijikaza akamwendea Bi Kagunga.

"Bi Mkubwa, yule mgeni..."

"Anaendeleaje?"

"Anakula."

"Vizuri. Atapona."

Tindi akaitikia, akageuka kuondoka. Ndivyo alivyokuwa. Hata chafya hajawahi kupiga kwenye mkutano. Kila mara alihisi yake itakuwa ya ziada.

Akarudi kwa Fisi. "Baba, mwanangu hakupata kitu leo."

"Nimeona," alisema Fisi. "Inasikitisha sana."

"Ungemwachia kidogo tu."

"Mtafiti haingilii mambo, dada."

Tindi akarudi shimoni. Usiku kucha alimlaza Kijiti kifuani, akafikiri.

Asubuhi kundi lilipokusanyika, akaanza kusafisha shimo. Kwa kawaida kazi hiyo aliifanya jioni, lakini hakuna aliyemwangalia. Akampa Fisi mgongo, akachimbua kwa miguu yote. Vumbi la miaka ya mhanga likatoka, pamoja na manyoya na viroboto, likaenda moja kwa moja puani mwa mgonjwa.

Fisi akapiga chafya.

Kundi zima likageuka.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Kagunga.

"Mgeni," alisema Shangazi Lembu. "Jamani, amepona!"

"Sijapona! Ni hili vum..." Chafya ya pili ikamkatisha, na ya tatu ikamwinua.

"Wengine hapa hupiga kwa kusitasita," alisema Bi Kagunga. "Huyu ana hamu. Tangulia, shemeji."

"Bi Mkubwa, miguu yangu..."

"Miguu hupona njiani."

Wakamweka katikati, wakakimbia naye. Mbwa mwitu akianza kukimbia hana haraka ya kusimama. Fisi alivuka mbuga ulimi ukigusa nyasi, na walipomwangusha nyumbu alifika wa mwisho, hoi. Lakini alipoiona nyama alipata nafuu. Alikula kama anayeaga, kisha akaanza kunyata kuelekea kichakani.

"Nyumbani ni huku, shemeji," alisema Shangazi Lembu, akimkaa ubavuni.

Walipofika, watoto walitoka mbio. Kila mwindaji akainamisha kichwa, akatoa. Kijiti alijikokota mpaka kwa Fisi, maana huo ndio mdomo mkubwa kuliko yote aliyoijua, akaanza kuulamba. Fisi akabana meno.

"Mpe," alisema Bi Kagunga.

Fisi akatikisa kichwa.

"Asubuhi ulipiga chafya."

Fisi akafumbua mdomo ili aeleze kwamba mtafiti haingilii mambo. Baada ya mbio zile na shibe ile, kufumbua tu kulitosha. Ikatoka nyama ya leo yote. Kwale, aliyekuwa kichuguuni, anaapa kwamba ikafuata na ya jana.

Watoto walikula hadi matumbo yakawa kama vibuyu. Fisi aliondoka bila kuaga, amekonda kuliko alivyokuja.

Jioni Kwale alileta habari: Fisi amekwenda kwa Simba kutoa matokeo.

"Kasema nini?" aliuliza Tindi.

"Kasema hamna siri yoyote. Mnakula, halafu mnarudisha. Kasema ni ugonjwa."

"Na Simba?"

"Kasema alikuwa anajua."

Kesho yake asubuhi kundi lilikusanyika tena. Shangazi Lembu alijilaza mlangoni kulinda watoto, Kijiti akimng'ata sikio. Tindi alisogea hadi katikati ya wenzake. Alitaka kurudi nyuma, akabaki. Kisha akapiga chafya.

Ilikuwa ndogo, kama ya mtoto. Bi Kagunga aligeuza masikio, akamtazama, naye akapiga yake. Zikafuata nyingine, wote wakainuka.