Chungu Kilichojua Chuki

Sogeeni, na atakayesinzia asije kuniuliza mwisho.

Bibi mmoja alizoea kumtania mjukuu wake, Siwema, kwa kumwita mke mwenza. Siku moja, akimpakulia firigisi aliyomnyima hata babu, akasema, "Kula, mwizi wa mume wangu! Zimwi likubebe nipumue!"

Zimwi lilikuwa nyuma ya nyumba. Likaingia, likambeba.

Porini likamtumbukiza katika chungu cha ajabu, kilichochemka kwa chuki tu, si kwa moto. "Sema alivyokutukana bibi yako!"

Siwema akayarudia maneno ya bibi. Maji baridi. Akasema tena. Baridi. Mara ya tatu akamkumbuka bibi na firigisi yake, akaangua kicheko. Maji yakazidi kuwa baridi.

Bibi akatokea mbio, mchi mkononi. Zimwi likatabasamu, "Karibu, bibi kipenzi changu."

Chungu kikatokota papo hapo! Siwema akaruka nje kabla hajaungua, chungu kikapinduka, maji yakalimwagikia zimwi, likatokomea likilia.

Bibi akamkumbatia mjukuu wake, machozi yakimtiririka. "Umerudi tena, mke mwenza mbaya wewe? Twende, firigisi inapoa."