Fagio la Mwenye Pango

Hapo zamani, zamani ile watu walipokuwa wanajua kila kitu isipokuwa walichoulizwa, palikuwa na mji uitwao Mkwamba. Nyuma ya mji palikuwa na pango, na ndani ya pango, walisema wenyeji, alikaa mzimu. Jina lake halikutajwa. Aliitwa Mwenye Pango, basi. Masharti yake yalikuwa machache: anayeingia avue viatu, asipige mluzi, na akitoka atoke kinyumenyume, uso ukitazama ndani, kwa sababu Mwenye Pango hapendi kuonyeshwa mgongo. Mkwamba ukimwona mtu ana nundu kisogoni, ujue huyo ni mtu wa ibada.

Pango lilikuwa na mlinzi, bibi mmoja akiitwa Mwanajuma. Yeye ndiye aliyeshika fagio la pango, na mwenye fagio alipewa nyumba ya kando ya chemchemi. Alipochakaa kwa uzee, alimchukua Siwema, mfinyanzi, mjane aliyefukuzwa na shemeji zake hata matanga hayajaanuliwa. Siwema akafagia, akawasha taa, akafukiza ubani, akamlisha bibi, akamwogesha bibi, mpaka siku bibi alipokata roho mikononi mwake.

Sasa mnadhani Siwema akarithi nyumba? Thubutu! Jumbe Shaali alituma mtu alfajiri na mapema akalichukua fagio, na nyuma ya mtu huyo akaja Faki, mpwa wa Jumbe, kupima kwa shubiri mahali kitakapokaa kitanda chake. Siwema alisimama mlangoni mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Tangu aolewe na tangu afiwe, nyumba ile ndiyo pekee ambamo hakuna mtu aliyemwambia yeye ni mgeni.

Jua lilipotoka Jumbe akakusanya watu mbele ya pango.

"Sheria inasema fagio hupewa mtu anayeamini," akatangaza. "Haisemi hupewa mtu anayefagia."

"Ndivyo!" watu wakaitikia. Watu wa Mkwamba walikuwa wepesi wa kuitikia. Ungewaudhi tu kama ungewauliza wameitikia nini.

Faki akajitokeza, kifua mbele. "Mjomba, mimi naamini. Baba aliamini, babu aliamini. Mimi nimezaliwa naamini."

"Umewahi kulifikiria jambo lenyewe?" Siwema akamwuliza.

"Nifikirie ya nini, na imani ninayo?"

Watu wakapiga vigelegele. Jibu lile lilikuwa zuri sana, hasa kwa wale ambao nao hawajawahi kufikiri.

Kisha akajitokeza Makame, mgema. Hakujitokeza, jamani, alisukumwa na mkewe, Bi Tatu, aliyeipenda nyumba ya chemchemi kwa moyo wake wote.

"Mimi silitaki fagio lenu," akasema Makame. "Jumbe, nimejaribu kutoamini nimeshindwa. Nimehama mji, nimerudi. Nimelewa, nimemtukana hadharani, nikiomba asiwepo. Wapi! Nikipita njia hii nywele zinanisimama. Najua yupo, kama ninavyojua sasa hivi nina njaa."

"Na ubani unamletea?" Jumbe akauliza.

"Mtu ninayemkimbia nimletee ubani? Sijamletea hata chembe."

Ikawa zamu ya Siwema. Angeweza kusema uongo, na angeusema vizuri, maana kwa miaka yote aliyofagia pale alikuwa amesikia waongo hodari. Lakini ulimi ukamkatalia.

"Jumbe wangu, mimi sina hakika. Kila alfajiri nikishika fagio natazama lile giza. Simwoni mtu, simsikii mtu. Halafu najiambia: leo nitaamini. Basi nafagia kama mtu anayetazamwa. Kesho yake ile imani imekwisha, naanza upya."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Imani ya kuamka nayo, kama kupiga mswaki!" Faki akasema, na Siwema akainamisha uso kwa aibu. Ilimuuma zaidi kwamba alikuwa amesema kweli.

Jumbe Shaali hakupenda kukata shauri lolote ambalo mtu mwingine angeweza kulikata. "Waingie wote watatu wafukize ubani," akasema. "Mwenye Pango atachagua mwenyewe."

Wakavua viatu, wakaingia. Masika yalikuwa yamenyesha bila huruma mwaka ule, na dari la pango lilikuwa limelowa hadi ndani. Hata chetezo hakijatoa moshi, juu kukasikika mlio, kisha mchanga, kisha mawe.

Faki aliyezaliwa anaamini aligeuka papo hapo. Alitoka mbio, mgongo wote mpana ukimtazama Mwenye Pango, akampita mjomba wake, akawapita na watu.

Makame naye alitoka, lakini alitoka kinyumenyume. Mawe yanaanguka, yeye anarudi nyuma hatua kwa hatua, akipapasa kwa visigino. Akajikwaa, akaanguka, na jiwe likamvunja mguu.

Siwema alikuwa amebakiza kidogo tu kufika nje. "We Makame, geuka utambae!"

"Siwezi! Ananitazama!"

Siwema akarudi ndani. Akalisukuma lile jiwe, akachuchumaa, akaivuta mikono ya Makame mabegani mwake ambebe mgongoni, kama alivyobeba udongo wa kufinyangia kutoka bondeni siku zote. Makame alikuwa mkavu, mwepesi kuliko udongo. Siwema akainuka naye. Akasimama. Kisha akamshusha tena chini, akamshika makwapani, akamburuta kinyumenyume, uso wake Siwema ukitazama ndani, na ule mguu uliovunjika ukigonga kila jiwe. Makame alipiga kelele ambazo Mkwamba hawakuzisahau. Walipofika nje, kipande cha dari kikaporomoka ndani, pale pale walipotoka.

Mngedhani watu wangeleta maji kwanza. Aka! Walileta hoja.

"Mimi nimetoka mzima," akasema Faki, amerudi sasa, bado anahema. "Asingenitaka, jiwe lingeniangukia mimi."

"Na mgongo uliomwonyesha?" akauliza Bi Tatu. "Mume wangu kavunjika mguu kwa adabu! Nani mwingine hapa kavunjika kitu?"

"Mpeni Siwema," akaguna Makame kutoka chini. "Ila kwanza mwulizeni kwa nini hakunibeba. Alikwisha niinua. Angenibeba, mguu wangu usingesagika hivi."

Jumbe akamtazama mjane. "Siwema, ungeweza kumbeba?"

"Ningeweza."

"Mbona ukamburuta kinyumenyume?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa jepesi, na nyumba ilikuwa pale pale nyuma ya jibu. Siwema angesema tu, kwa kuwa namwamini, na Jumbe angempa fagio mbele ya watu wote. Machozi yakamtoka.

"Sijui, Jumbe wangu. Leo fagio lilichukuliwa kabla sijalishika. Leo sikuamua kitu. Nilimwinua nitoke naye, mwili ukanikatalia kugeuka, na kurudi nyuma na mtu mgongoni tungeanguka wote."

"Mazoea hayo!" Faki akacheka. "Mazoea tu!"

"Kama ni mazoea," akasema Makame, "ya kwako wewe, uliyezaliwa nayo, yalikwenda wapi?"

Jumbe Shaali akashika kichwa, akasema kinamuuma, akaingia ndani kulala na fagio lake. Siwema akarudi nyumbani, akafunga mzigo wake, akakaa kizingitini kungoja.

Haya, nyinyi hodari wa kuitikia, leo mtaitikia nini? Msiniambie habari za Jumbe na kichwa chake. Yuko Faki, ambaye hakuwahi kuchagua na hakuwahi kuuliza. Yuko Makame, aliyechagua kukataa akashindwa, na mguu wake ndio ushahidi. Na yuko yule mwanamke pale kizingitini, aliyechagua kuamini kila alfajiri na kesho yake asiione ile imani, na siku asiyochagua ndiyo iliyomshika asigeuke.

Amekaa na mzigo wake, anawasikiliza. Je, nani alistahili fagio?