Kanga Mdomoni

Wapendwa, leo nawapeleka wodi ya wazazi. Najua hamkuvaa vizuri hivyo ili mje kusikia habari za huko, lakini tuvumiliane kidogo.

Kulikuwa na muuguzi mmoja, mkunga wa miaka mingi, mikono yake hodari kweli. Siku moja hospitali yao ikaleta mtaalamu wa semina. Akawapa kipimo cha kwenye simu: unaulizwa maswali kuhusu tabia yako, unabonyeza, mwisho kinakuambia wewe ni mtu wa namna gani na kazi gani inakufaa. Swali moja liliuliza, "Je, watu wenye shida hukukimbilia wewe?" Muuguzi hakufikiri hata kidogo. Akabonyeza, "Kila mara."

Majibu yakatoka: wewe ni mlezi, umeumbwa kuhudumia watu.

Alifurahi huyo dada, acheni tu. Akayaweka kwenye stetasi, wenzake wakammwagia pongezi. Matroni akamwambia, "Hii kazi ni wito wako." Nanyi mnajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu hapo, ukimwonya kuhusu ulimi wake anakujibu, "Mimi ni mlezi. Kipimo kimesema."

Maana ulimi alikuwa nao. Mama akilia kwa uchungu, yeye humwuliza, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulilia hivi?" Kina mama, naona wengine mmeinamisha vichwa. Mnayajua maneno hayo.

Basi akalazwa binti mmoja, mimba yake ya kwanza. Adhuhuri uchungu ukamkaza, akafungua mdomo aite. Mama wa kitanda cha jirani akamshika mkono. "Mwanangu, yule usimwite, atakutukana mpaka ujute kuzaliwa. Uma kanga, uvumilie." Kila aliyeingia wodi ile alifundishwa hivyo na aliyemtangulia. Binti akauma kanga. Maumivu yakabadilika, yakawa hayaachii tena, damu ikaanza kutoka. Akazidi kuuma. Na muuguzi alikuwa pale pale mezani, anawasikia wametulia, anashukuru moyoni kwamba wagonjwa wake wana amani.

Alipopita kuwapima, akatafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Hakuyapata. Akasogeza mkono, akatafuta tena, na tena.

"Kwa nini hukuniita?" muuguzi akamwuliza. "Nilikuwa hapo tu, mwanangu. Hapo tu."

Binti akatoa kanga mdomoni. "Nilikuogopa, nesi."

Wapendwa, kipimo kile kilimdanganya? Hapana. Kilimrudishia alichokiweka mwenyewe. Kilimwuliza yeye, hakikuwauliza waliolala vitandani. Na yeye hakusema uongo, hilo ndilo linaloniumiza. Aliamini kabisa alichobonyeza, na mtoto wa watu akazikwa bila jina.

Sasa sisi je? Sisi tunapenda sana kuambiwa tulivyo. Wewe ni kiongozi, wewe una moyo wa huruma, wewe umezaliwa kuwa mwalimu. Nani kasema? Mimi mwenyewe, nilipoulizwa habari zangu. Baba, unaingia nyumbani, watoto wananyamaza wote, unasema nyumba yangu ina adabu. Ni adabu hiyo? Bosi, ofisini kwako hakuna anayelalamika, unasema wananipenda. Una hakika? Huyo msichana wako wa kazi aliyeugua wiki nzima, mbona hakukuambia?

Mungu hatatuuliza sisi tulivyo. Atawauliza waliokuwa mikononi mwetu.

Kwa hiyo ukitoka hapa, usitafute kipimo kwenye simu. Mtafute mtu mmoja anayeishi chini ya sauti yako, umwulize, "Mimi kwako ni mtu gani?" Kisha unyamaze umsikilize. Na akikujibu haraka haraka kwamba wewe ni mwema sana, huna kasoro yoyote, usiende kushangilia. Mtazame vizuri. Huenda ameuma kanga.