Jogoo wa Shekuwe

Makwega, kamishna wa viapo, alikataa kugonga muhuri kwenye hati ambayo tajiri Shekuwe aliighushi ili apore shamba la mjane. Shekuwe akamsingizia wizi wa jogoo.

"Ni kweli, mheshimiwa," Makwega alikiri kortini, "na supu yake ilikuwa tamu." Akatiwa hatiani, akapigwa faini.

Mchana huohuo Shekuwe akamfuata ofisini. "Gonga, au nilete kesi ya ng'ombe!"

"Yarabi, ng'ombe tena!" Makwega akagonga, akaandika na tarehe.

Kesi ya shamba ilipofika, hakimu aliuliza, "Muhuri huu ni wako?"

"Ulikuwa wangu, mheshimiwa. Anayetiwa hatiani kwa wizi haruhusiwi kuugonga tena, na mimi nilitiwa hatiani asubuhi ya tarehe hiyohiyo."

"Una shahidi?"

"Ninaye. Yule pale, mwenye jogoo."