Bei ya Hisa za Kinu cha Ufuta

Hapo zamani za masultani, katika mji mmoja wa pwani, palikuwa na kinu kikubwa cha kukamua ufuta, nacho kilikuwa mali ya shirika lenye hisa mia. Sultani Hatimu alikuwa na hisa arobaini, na sitini zilizobaki walikuwa nazo watu wa mji, kila mtu yake moja. Kila mwaka hisa moja ilimletea mwenyewe faida ya reale kumi, na kwa reale hizo Bi Mwanakombo, mjane asiye na mtoto, alikula mwaka mzima.

Ikawa Sultani ameingiwa na tamaa ya kukimiliki kinu chote. Akamwita Vuai Chanda, fukara aliyelala barazani pa msikiti, ambaye watu walimdhania punguani, akamwambia, "Vuai, nakuweka uwe mpimaji wa thamani ya hisa. Utapiga hesabu siku tatu, na ukimaliza utaona kuwa hisa moja ni reale mbili."

"Na nikiona nyingine, bwana wangu?"

"Hiyo utaionea gerezani."

"Basi nimekwisha iona ya mbili," akasema Vuai. "Lakini watu wa mji huu ni wabishi. Naomba iandikwe amri kwamba bei nitakayoitaja ndiyo bei ya kila hisa ya kinu, na mwenye hisa akiletewa fedha hiyo hana ruhusa ya kukataa."

Sultani akapendezwa mno, akaitia amri muhuri wake.

Vuai akashinda kinuni siku tatu. Akahesabu meno ya ngamia aliyekizungusha kinu, akapima kivuli cha paa kwa hatua, akaramba mafuta na kuandika alama kwa mkaa ukutani. Watu wakamcheka, ila Bi Mwanakombo hakucheka, maana fununu ya amri na ya reale mbili ilikuwa imemfikia.

"Mwanangu," akamwambia, "ukisema mbili, mimi mwakani nitakula nini?"

"Mama, mbili nitaisema. Wewe nenda kwa wenzako wenye hisa, mkusanye reale themanini, mniletee."

Kumwamini kulikuwa kugumu, lakini Bi Mwanakombo akajitanda kanga yake akaenda.

Siku ya Ijumaa baraza likajaa. Vuai akasimama akasema, "Nimepiga hesabu, na hisa moja ni reale mbili." Kadhi akaisoma amri, akaiandika bei. Sultani akamwashiria waziri afungue mfuko wa fedha, lakini kabla kamba haijalegea Vuai akawa amekwisha piga magoti mbele ya kiti, akaweka kitita chini.

"Reale themanini, bwana wangu. Watu wa mji wananunua hisa zako arobaini."

Sultani akabadilika rangi. "Hisa zangu kwa reale mbili? Una wazimu. Hisa yangu moja haipungui reale mia."

"Kwani hisa za bwana hukamuliwa na ngamia mwingine?"

Baraza zima likainama, kila mtu akificha uso wake. Kadhi, aliyekuwa bado ameshika kalamu, akauliza kwa adabu, "Niandike mbili, bwana, au niandike mia?"

Sultani akapiga hesabu kichwani. Ikiandikwa mbili, kinu kimemtoka. Ikiandikwa mia, hazina yake haitoshi kununua hata nusu ya hisa za watu. Mwishowe kicheko kikamshinda, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaichana amri kwa mkono wake, akaamuru watu warudishiwe fedha zao na kila mmoja abaki na hisa yake.

"Na huyu Vuai," akasema, "mpeni zawadi ya reale mia."

"Ahsante, bwana wangu. Nami naomba nilipwe kwa hisa. Kwa bei yangu ni hisa hamsini, na bwana anazo arobaini tu, kwa hiyo hizo kumi nitakuwa nikikudai."

"Utalipwa kwa bei yangu," akasema Sultani akijipangusa machozi. "Kadhi, mwandikie hisa moja, tena upesi, kabla hajaanza kupiga hesabu nyingine."