Trei za Chini

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakumsamehe mwenye magoti mabovu, wala hawakumruhusu atume macho badala ya mgongo. Anayekitaka kilicho chini atakifuata hukohuko chini, hata kama kuinuka kwake kutamtoa jasho.

Mwanamke mmoja alikuwa ameitumikia maabara ya chuo kwa miaka kumi na tisa, kazi yake kulisha panya weupe na kuwapima. Wenzake walimwita Bi Mizani, kwa kuwa hakuna gramu iliyompita. Alikuwa mnene kupindukia, na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Daktari wa mifupa alikubali kumwekea goti la bandia kwa sharti moja: apunguze kilo kumi ndani ya miezi sita, la sivyo jina lake lingeondolewa kwenye orodha. Bi Mizani alikuwa amechoka. Alichoka kupanda ngazi kwa mguu mmoja kama mtoto, alichoka kushauriwa ale kidogo na watu wembamba, alichoka hata kuchoka.

Wakati huo mtafiti wa maabara, binti aliyemheshimu Bi Mizani kama mamaye, alikuwa akichunguza unga uliotokana na majani fulani machungu. Ilidaiwa kwamba viini vya mmea huo huuchochea mwili uchome mafuta badala ya kuyaweka akiba. Panya wote walilishwa chakula chenye mafuta mengi. Chakula cha nusu yao kilichanganywa na unga ule. Kila asubuhi Bi Mizani alipaswa kupima chakula kilichobaki kihorini, kisha avute trei iliyo chini ya kila kizimba na kupima kilichomwagika. Kilichokosekana ndicho kilicholiwa.

Trei zilikuwa karibu na sakafu, na kuzivuta kulitaka kupiga magoti mara arobaini. Wiki ya kwanza alijikaza kisabuni. Wiki ya pili alijiuliza kama kuna siku, katika miaka yote ile, makombo ya panya yamewahi kuzidi gramu mbili. Hakuikumbuka. Basi akaanza kuandika "gramu mbili" katika kila mstari wa daftari, akiwa amesimama wima, kwa mwandiko mzuri usio na shaka. Kila Jumamosi mwosha vizimba alizimwaga trei, naye kwa kuwa hakuulizwa kitu, hakusema kitu.

Mwezi wa pili panya wa unga walianza kukonda. Kwa mujibu wa daftari, walikula sawasawa na wenzao.

"Mama, unaona?" mtafiti alisema, machozi yakimlenga. "Wanakula vilevile na mafuta yanakwisha."

"Ninaona, mwanangu," alijibu Bi Mizani. Kweli aliona, lakini alichokiona ni goti jipya.

Jioni ile aliondoka na unga kidogo kwenye karatasi. Nyumbani aliukoroga kwenye maji, akaunywa huku amebana pua. Mumewe, dereva mstaafu asiyejua kunyamaza, alimtazama kutoka kitini.

"Mke wangu, dawa ya panya si huwa inaua?"

"Hii si ya kuua panya. Ni ya kuwakondesha."

"Haya. Ila ukianza kutafuna mapazia, mimi simo."

Aliunywa kila siku, na kwa kuwa dawa ilikuwa kazini, hakuona haja ya kujinyima. Alikula kama kawaida, na wajukuu walichobakiza sahanini alikimalizia, maana kutupa chakula ni dhambi. Baada ya wiki saba alipanda mizani ya zahanati. Alikuwa ameongezeka kilo mbili. Muuguzi aliziandika kwenye kadi.

"Panya wanakonda, mimi nanenepa," alimwambia mumewe. "Nimekosa nini?"

Siku hiyo mumewe hakuwa na mzaha. Alimsogezea kigoda aweke mguu.

Jumamosi iliyofuata mwosha vizimba aliugua, na trei zikakosa mwenyewe. Bi Mizani alikunja gunia, akaliweka sakafuni, akapiga magoti huku akiguna. Trei ya kwanza, ya panya wasiopewa unga, ilikuwa na makombo haba. Ya pili, ya panya wa unga, ilikuwa imefurika. Ya tatu vivyo hivyo. Vipande vya chakula vilikuwa vimechokolewa kihorini na kutupwa chini, vingine vikiwa na alama ya jino moja tu. Alikigusa kimoja kwa ulimi. Kilikuwa kichungu kama shubiri.

Hakuhitaji shahada kuelewa. Panya wale hawakuwa wakichoma mafuta kwa muujiza wowote. Walikuwa na njaa. Aliona haya hata mbele ya panya. Jumatatu mtafiti alikuwa asafiri kwenda kutangaza matokeo. Kumwaga trei na kufunga mdomo kulikuwa rahisi. Kusema kungeweza kumnyang'anya kazi, na bima ya kazini ndiyo iliyokuwa igharimie goti.

Asubuhi ya Jumatatu aliingia ofisini na mfuko wa makombo.

"Mwanangu, zile gramu mbili sikuzipima. Niliziandika tu."

Mtafiti aliufungua mfuko, akatazama ndani. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili. Nitalisingizia goti, lakini na uvivu ulikuwepo. Na unga wenyewe nimeunywa."

"Umeunywa? Mama, ungeharibu ini." Aliufunga mfuko. "Na mimi ningesimama mbele ya watu na uongo mkononi."

"Ndiyo maana nimekuja kabla hujasimama."

Safari ilivunjwa. Ini lilipimwa, likakutwa salama. Bi Mizani alipewa barua ya onyo, na kwa wiki nzima mtafiti hakumsemesha ila la kazi. Kisha majaribio yakaanza upya, naye akaachiwa mizani ileile. Kwa wiki nane alipiga magoti mara arobaini kila asubuhi. Matokeo yalipotoka, mmea ulikuwa na msaada, lakini kiduchu. Mengine yote yalikuwa njaa.

Nyumbani nako alifungua daftari. Aliandika kila kilichopita mdomoni: kijiko cha kuonja chumvi, ukoko wa sufuria, masazo ya wajukuu. Masazo hayo peke yake yalikuwa mlo mzima ambao hakuwahi kuuhesabu. Aliuacha, na usiku wa kwanza alilala akinung'unika kama panya wa unga.

Miezi sita ilipotimia alikuwa amepungua kilo nne. Daktari wa mifupa alilikata jina lake mbele ya macho yake. Bi Mizani hakubishana, alimsogezea daftari la nyumbani. Daktari alifunua kurasa.

"Haya ni ya kweli?"

"Safari hii ni ya kweli."

Daktari alichukua kalamu, akaliandika jina upya. "Nakupa miezi sita mingine. Lakini unaanzia chini kabisa ya orodha."

"Chini napajua," alisema Bi Mizani, akajikongoja kuinuka. Naam, mtaka cha mvunguni sharti ainame.