Sauti Bila Kombeo

"Sauti bila kombeo haiamii mpunga." Ndivyo Shangazi Rozina alivyomjibu Wendelini jana jioni, nanyi mkacheka mkidhani anatania. Mafuriko yamemwangushia Kanisi ukuta wa nyumba. Wendelini, rafiki yake, alimtumia ujumbe wa sauti, "Pole mwanangu, tuko pamoja," kisha akarudi kwenye mchezo wake wa simu. Leo mmeniuliza shangazi ameyatoa wapi maneno yale. Msidhani ni ya wahenga. Methali hii ina umri wa mtoto wa darasa la tano, na wote waliohusika wako hai, Rozina mwenyewe akiwa mmoja wao. Niliyoyaona nitayasema hivyo, na niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa.

Ilikuwa mwezi wa Mei, asubuhi, umande haujakauka. Ndege aina ya kwelea walitokea upande wa mto, wakapita juu ya majaruba yetu na kutua katika mpunga wa Mama Adelhelma. Mpunga ulikuwa umeanza kujaza maziwa, yaani punje bado ni laini, na ukiiminya hutoa ute mweupe. Hapo ndipo kwelea huupenda. Hufyonza ule ute na kuliacha shuke limesimama vilevile, ila ndani hamna kitu.

Mama Adelhelma hakuwepo. Alikuwa Mahenge akimuuguza dada yake. Jaruba lile ndilo lililokuwa chakula cha nyumba yake hadi mavuno ya mwaka unaofuata. Hakuwa na jingine. Alikuwa amemkabidhi mwanawe Ditriki, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kusubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Siku ya kuondoka alimwambia mbele yangu, "Kazi yako ni ndege tu. Mengine yote nimeshafanya."

Kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, kwetu kuna utaratibu wake. Mwamiaji hukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, akiwa na kombeo na rundo la madonge ya udongo yaliyokaushwa juani. Akiona ndege wanashuka hupiga ukelele, na kabla ukelele haujaisha donge limeshatoka. Si lazima limpate ndege. Mara nyingi halimpati. Lakini kila ukelele una donge lake. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajaruhusiwa kupanda dungu, na sikumbuki mtu yeyote kumweleza sababu.

Ditriki hakuwa mvivu, wala sitasema alikuwa mjinga. Aliona kwamba ukelele ndio unaowaondoa ndege, akajiuliza kwa nini mtu mzima akae juani kutwa nzima kurudia neno lilelile. Alirekodi ukelele wake kwa simu, akauhamishia kwenye kadi, akaichomeka kadi katika spika aliyoazima kwa vijana wa kwaya. Spika aliiweka juu ya dungu pamoja na kipande cha sola. Ikawa inapiga ukelele wake, inanyamaza kidogo, inapiga tena.

Na ilifanya kazi. Niliona kwa macho yangu kundi zima likiruka na kurudi mtoni. Ditriki alilipiga picha ya video, akajiita Mwamiaji wa Kisasa, akairusha kwenye makundi ya simu. Majaruba yetu yako bondeni, mtandao haufiki vizuri, kwa hiyo alihamia mteremko wa misheni, ambako mtandao ni mzuri, ili awajibu waliomsifu. Walikuwa wengi. Alishinda huko.

Baada ya siku chache ndege walianza kuruka kwa kuchelewa. Kisha wakawa wanaruka wale wa karibu na spika tu, wengine wakiendelea kula. Mwisho hata wale wa karibu waliacha.

Rozina alikuwa akiamia jaruba la baba yake, lililopakana na lile. Alipanda juu ya kichuguu apate mtandao, akampigia. Mazungumzo haya alinisimulia yeye, na Ditriki hajawahi kuyakanusha.

"Ditriki, uko wapi?"

"Mteremkoni. Kuna mtu wa Ifakara anataka nimtengenezee spika kama ile."

"Shuka. Ndege wamejaa kwenye mpunga wenu."

"Haiwezekani. Spika imezima?"

"Haijazima. Inapiga kelele mpaka kichwa kinaniuma. Mmoja ameikalia."

"Ameikalia nini?"

"Spika, bosi. Yuko juu yake anachambua mabawa."

Ditriki alicheka. "Basi dada yangu, nenda ukaongeze sauti. Kitufe kiko upande wa kulia."

"Na mpunga wa baba yangu nimwachie nani?"

"Dakika moja tu, Rozi."

"Wewe njoo na mikono yako," Rozina alisema, akakata simu.

Ditriki alishuka jua likiwa limeshapanda. Saa hizo kwelea hupumzika kwenye matete, hivyo hakukuta hata mmoja. Mpunga ulikuwa umesimama, mashuke yameelekea juu. Aliongeza sauti ya spika, akapiga picha ya shamba na kumtumia mama yake: "Mpunga salama, mama. Uguza bila wasiwasi." Picha ile haikuwa na uongo wowote ndani yake. Mpunga ulikuwa umesimama kweli. Shuke lenye punje nzito huinama, lakini Ditriki hakuligundua hilo, na Mama Adelhelma alikuwa akiitazama picha kwenye kioo kidogo kilichopasuka.

Mama alirudi wiki iliyofuata, jioni, wakati ndege wanakula mara ya pili. Hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja shambani, mzigo bado kichwani, nami nikatoka kwangu kumpokea. Ditriki alikuwa amesikia kuwa mama yake yuko njiani, kwa hiyo siku hiyo alikuwepo.

Mama Adelhelma aliminya shuke la kwanza. Halikutoa kitu. Akaminya la pili, akasogea, akaminya jingine.

"Ulikuwa unaamia?" aliuliza.

"Nilikuwa naamia, mama. Sikiliza." Akanyoosha kidole kwenye dungu. Spika ikapiga ukelele. Ndege hawakuinua hata vichwa.

"Izime," mama alisema.

Ditriki aliizima, kisha akaingia ndani ya mpunga, akapiga ukelele kwa koo lake mwenyewe. Alipiga kwa nguvu, mpaka sauti ikakatika. Wachache walisogea hatua mbili, wakaendelea kula. Alipiga tena, na safari hii hakuna aliyesogea. Wakati huohuo Rozina alipiga ukelele mmoja ng'ambo ya tuta, wala haukuwa mkubwa, na ndege wote waliokuwa upande wa kwake wakaruka kabla donge halijawafikia.

Ditriki aliangalia upande ule, kisha akamtazama mama yake. "Mbona wanamwogopa yeye?"

"Sauti ya kwake wanajua inakuja na nini," Mama Adelhelma alisema. "Ya kwako wameizoea. Umewafundisha mwenyewe kwamba nyuma yake hakuna kitu."

"Mama, nilidhani wanaogopa sauti."

"Sauti bila kombeo haiamii mpunga, mwanangu." Hakuipaza. Aliutua mzigo, akapanda dungu, akaishusha spika na kuanza kuchagua madonge.

Waliokoa kona moja tu, upande uliopakana na Rozina. Mwaka ule nyumba yao ilikula mpunga wa majirani. Ditriki aliamia kwa baba yake Rozina, akaamia kwangu, akaamia mpaka ng'ambo ya mfereji, akilipwa kwa debe la mpunga. Juma la kwanza ndege hawakumjali. Ilibidi arushe madonge mengi kuliko mtu yeyote bondeni ndipo ukelele wake ukaanza kuheshimiwa tena. Wenzake waliopita njiani walimtania kwa maneno yaleyale ya mama yake, na hivyo ndivyo yalivyotoka shambani kwetu na kufika minadani na kanisani.

Leo asubuhi nilipita kwa Kanisi. Ditriki alikuwa pale tangu alfajiri, suruali imekunjwa hadi magotini, anakanyaga udongo wa tofali. Nilimuuliza kama ameshampa Kanisi pole.

"Bado, mzee," alisema. "Nitampa tukishapandisha ukuta. Sauti bila kombeo haiamii mpunga."